Fremu za wavu bila misumari

Tanga, Jumamosi usiku

Masika yamepungua, na kazi zilizolala kwa sababu ya unyevu zimeamka zote kwa mpigo. Niko na fremu za wavu wa mbu za nyumba moja kule Raskazone, karibu kabisa na bahari. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinikuta nachora mistari akashangaa. "Baba, fremu ya wavu nayo mpaka uichongee ulimi? Si ugonge misumari tu yaishe?"

"Mama, misumari ndiyo iliyoziua hizi za zamani."

Tukazigeuza. Kila kona kutu ilikuwa imekula chuma, mbao imebaki na tundu jeusi. Upepo wa chumvi hauna huruma na msumari.

Lakini tuseme kweli, kosa halikuwa la misumari peke yake. Kona zilikatwa mshazari, nyuzi 45, zikakutanishwa ncha kwa ncha. Zinapendeza zikiwa mpya. Shida ni kwamba mbao huvimba na kusinyaa kwa upana, urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Upana ukibadilika, ile pembe ya 45 nayo haipo tena: masika kona inaachia upande wa nje, kiangazi inaachia upande wa ndani. Juu ya hapo, gundi kwenye ncha ya mbao hunywewa na vinyweleo, haishiki sana. Kwa mji wa pwani kama huu mimi kona za mshazari nawaachia wauza picha.

Ninachokata ni ulimi na panda. Ncha ya mbao moja inapunguzwa pande zote mbili ubaki ulimi katikati. Ncha ya nyingine inatobolewa katikati, ibaki wazi kama panda ya manati. Ulimi unaingia, mashavu mawili yanaubana, na gundi inapata nyuso mbili pana za kushika. Hakuna tundu la kuchimba gizani. Kila kitu unakiona kwa ubavu. Na fundi mwenzako naye atakiona, hilo lijue mapema.

Mbao ni mtiki, wa mashamba ya Longuza kule Muheza. Haupindipindi ovyo, ila unamaliza makali ya patasi upesi, na una mafuta, kwa hiyo nyuso za kiungo zipakwe gundi zikiwa zimetoka kukatwa, si wiki ijayo. Baada ya randa unene umebaki milimita 20. Kanuni ni kugawa tatu, lakini sina patasi ya sita nukta saba wala sijui anayeiuza. Nina ya 6. Basi ulimi 6, mashavu 7 na 7.

Kijana ninayefanya naye kazi aliuliza kwa nini geji, kile kifaa cha kuchora mstari sambamba na uso wa mbao, naiegemeza uso ule ule tu wa kila mbao, sigeuzi. Ukigeuza, tofauti ndogo ya unene kati ya mbao na mbao inahamia kwenye mistari. Ukiegemeza uso wa mbele kila mara, hata ulimi usipokaa katikati kabisa, nyuso za mbele zitalingana, na za nyuma utazimaliza kwa randa. Yeye akaanza kuweka alama ya penseli kwenye nyuso za mbele bila kuambiwa. Nimefurahi.

Kukata kwenyewe ni msumeno tu, mradi upite upande wa taka na mstari ubaki kwenye mbao. Kwa panda natoboa kwanza kwa keekee karibu na kitako, yaani mwisho wa ndani wa panda, halafu msumeno ukishuka pande mbili kipande kinadondoka chenyewe. Patasi inanyoosha kitako, nusu kutoka kila upande ili mbao isichanike. Kwenye ulimi nakata mashavu yake (nyuso zake mbili pana) kwanza, mabega (vidato vya pale ulimi unapoanzia) baadaye. Mstari wa bega nauchora kwa kisu, maana hapo ndipo jicho la mtu litatua.

Kipimo cha kukaza ni mkono. Ulimi uingie kwa kusukuma, mwisho ugongwe kidogo. Ukihitaji nyundo ya nguvu, panda itapasuka kuanzia kitako. Ukiingia wenyewe, gundi nyeupe haitakusaidia, haijazi nafasi.

Leo tumeunganisha mbili. Kwanza kavu, bila gundi, tukapima kona kwa kona kimshazari kwa futi kamba: vipimo viwili vikilingana, kona za fremu ni nyuzi 90. Kisha gundi, klampu ya kuvuta mabega, na nyingine ndogo ya kubana mashavu. Hii ya pili wengi huisahau, na mashavu yanabaki yameachana na ulimi. Klampu zilipotuishia tulifunga kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, vinabana vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Dirisha la jikoni ni refu, linataka mbao ya katikati. Hapo mwimo, ile mbao ya wima ya ubavuni, unachongwa pande mbili upandwe na panda, na mahali hapo unabaki theluthi ya unene wake. Milimita 6 peke yake siiamini kwa watoto wanaoning'inia dirishani, kwa hiyo nimeagiza mbao nene zaidi kwa fremu hiyo. Gundi nyeupe nayo haipendi kuloa, basi kila kona itapigwa kigingi cha mninga, na tundu la kwenye ulimi nitalisogeza milimita moja kuelekea begani ili kigingi kikiingia kivute. Mama ameshauliza kama vigingi vitaonekana. Vitaonekana.