Kaya Fungo na picha ambazo sitazipiga

Nikimwambia mtu kwamba natengeneza filamu ya uhifadhi, anachouliza kwanza ni ndovu. Ni Tsavo au Maasai Mara? Nikijibu kwamba ni kaya, wengi wa rika langu, hata tuliozaliwa nao hapa Kilifi, hunyamaza kidogo, halafu husema kwa sauti ya chini: "Kule kwa waganga?"

Swali hilo ndilo linalonifanya nirudi Kaloleni na kamera yangu, kwenye Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama. Kaya za Wamijikenda, yaani jamii tisa za pwani ya Kenya, Wagiriama wakiwemo, zilikuwa miji. Wazee wetu waliishi ndani ya ngome, msitu mnene umewazunguka, njia za kuingilia ni chache na nyembamba ili adui asipate pa kupenya. Watu walihama kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 hakukuwa tena na wakazi mle. Msitu ukabaki chini ya uangalizi wa wazee. Minazi na mikorosho ikasogea hadi ukingoni, lakini ndani ya kaya mti mbichi haukatwi, maana wahenga wamelala pale. Ndiyo sababu kuna miti inayopatikana humo na sehemu nyingine chache tu za pwani yetu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndovu wana askari wenye bunduki. Kaya zimelindwa na miko.

Hapo ndipo kazi ya mtu wa kamera inapokuwa ngumu. Ndani ya kaya kuna fingo, kinga iliyozikwa ardhini, na mahali pake hapajulikani na kila mtu. Kazi yangu ni kuonyesha, na msitu huu umedumu kwa sababu kuna mambo yanayofichwa.

Juzi nilikaa na wazee chini ya mwembe, nje ya kaya. Mmoja alivuta ugoro wake taratibu, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hizi picha zikishatoka hapa, zitalala wapi?" Nikaitoa kadi kwenye kamera nikampa. Nikamweleza kwamba zitakaa humo, baadaye kwenye kompyuta yangu, kisha kwenye intaneti, na huko mtu yeyote duniani anaweza kuzichukua. Aliigeuza ile kadi kiganjani, akampa aliyekaa kando yake, naye akampa mwingine. Ilipita kwa kila mzee ndipo ikanirudia.

Masharti yakafuata. Lango nipige. Njia nipige, lakini nisivuke pale watakaponisimamisha. Sauti za ndege na upepo nirekodi nitakavyo. Makaburi hapana, fingo hapana, droni hapana kabisa, kwa kuwa ikiruka juu itaonyesha njia zote kwa mpigo. Kuna wahariri walioniambia niingie ndani zaidi, ndiko iliko hadithi. Mimi naona wazee hawa wanaijua nguvu ya picha kuliko wahariri hao.

Wana sababu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu, alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Kigango huwekwa bomani, si kayani, na kikishasimikwa hakiguswi. Muda mfupi baadaye vyote viwili vikaibwa. Miaka ikapita, vikaonekana katika makumbusho ya Marekani, na ile picha ikawa ushahidi wa kuvitambua. Kimoja, kilichokuwa Illinois, kilirudi nyumbani mwaka 2007. Nimeifikiria sana habari hii. Bila ile picha, nani angewaamini wenyewe? Kwa hiyo sisemi picha ni adui wa kaya. Nauliza nani anaitunza. Tumekubaliana kwamba mazungumzo yote niliyorekodi, bila kukatwa, yatabaki na wazee, na mimi nitachukua yale tuliyoyapitisha pamoja.

Kaya Fungo yenyewe iliwahi kulipuliwa kwa baruti na Waingereza, mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani, kuwalisha watu wake kiapo cha kuwapinga wakoloni hao. Wazee waliisimulia habari hiyo kama jambo la jana. Sehemu hiyo naiacha ndefu kwenye filamu.

Kinachonikosesha usingizi kiko nje ya msitu. Hapa Kilifi wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba utakuta ugomvi wa shamba nyuma yake. Wanaouawa ni watu wa rika lile lile linaloijua miko na majina ya miti. Nikimpiga mzee picha gizani, moshi unafuka, ngoma ya kutisha inalia, nitakuwa nimemwongezea hatari mtu aliyenikaribisha kwake. Kwa hiyo nawapiga mchana kweupe, wakiwa kwenye shughuli zao. Yupo hawe, yaani bibi, mmoja ambaye vidole vyake havikusimama akisuka makuti muda wote aliokuwa akinitajia mti upi ni wa tumbo, upi wa jino, na upi hauguswi hata ukianguka wenyewe. Mjukuu wake alikuwa kando akiandika majina hayo kwenye daftari la shule. Sikumwomba afanye hivyo. Picha hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Filamu ikikamilika itaanzia Kaloleni, kwa Kigiriama, maandishi ya Kiswahili yakipita chini. Nitawaalika na wale rafiki zangu wa "kule kwa waganga". Wazee watakaa mbele, na sehemu yoyote watakayosema itoke, itatoka kabla mtu mwingine hajaiona.