Kupita katikati, kupita mipaka

Usiku huu nimekaa na sura moja tu, Yeremia 34. Anayetaka kuelewa Kiebrania kinavyolitaja agano la Mungu na hiana ya binadamu, sura hii itamtosha wiki nzima.

Kisa chenyewe ni kifupi. Yerusalemu imezingirwa na Babeli, siku za mfalme Sedekia, karibu mwaka 588 kabla ya Kristo. Mfalme anafanya agano na watu: kila mwenye mtumwa wa Kiebrania, mume kwa mke, amwache huru. Torati ilishaagiza zamani kwamba mtumwa wa namna hiyo atumike miaka 6, na wa 7 aende zake, lakini baba zao hawakufuata. Safari hii wanatii. Kisha jeshi la Farao linatoka Misri, Wakaldayo, yaani Wababeli, wanaondoka ukutani, na mabwana wanawashika tena watu wale wale waliowaachia.

Kufanya agano kwa Kiebrania ni *karat berit*, yaani kukata agano. Sisi tunakula kiapo na tunakata shauri. Kwao kisu kilikuwa kisu kweli. Ndama alipasuliwa vipande 2, na walioahidi wakapita katikati yake. Maana ya kupita hapo inaeleweka vizuri kwenye mkataba wa Kiaramu uliochongwa kwenye jiwe karne ya 8 kabla ya Kristo, ukapatikana Sefire karibu na Aleppo, Syria: kama ndama huyu anavyokatwa, ndivyo akatwe Mati'el, mfalme wa Arpad, akiuvunja. Mtu alikuwa anatembea kwenye damu akijitabiria kifo.

Sasa shika aya ya 18. Kitenzi cha kupita kati ya vipande ni *avar*. Na kitenzi cha kulikosea agano, katika aya hiyo hiyo, ni *avar* vilevile. Kwa kawaida tunasema "kuvunja agano", na tukisema hivyo mgongano unapotea. Nadhani Kiswahili kingeweza kuubeba: watu *waliopita mipaka* ya agano langu, wale *waliopita* kati ya vipande vya ndama. Miguu iliyoingia ndiyo iliyotoka.

Kitenzi cha pili ni *shuv*, kugeuka au kurudi. Katika aya ya 15 watu wamegeuka wakatenda haki. Katika ya 16 wamegeuka wakalitia unajisi jina la Mungu. Neno ni lile lile. Hapa lugha yetu ina utajiri wake: mtu hugeuka akaacha ubaya, na mtu humgeuka rafiki yake. "Mligeuka, kisha mkanigeuka" ni Kiswahili safi na ni Yeremia mwenyewe. Umbo la kusababisha la kitenzi hicho ndilo linalotumika mabwana wanapowarudisha watumwa wao, na ndilo Mungu analotumia katika aya ya 22 kuhusu Wababeli: nitawarudisha kwenye mji huu. Waliowarudisha wenzao utumwani watarudishiwa adui mlangoni. Na kwa kuwa hawakutangaza *deror*, uhuru, neno la yubile, mwaka wa kuwaachia watu huru, katika Walawi 25, Mungu anawatangazia *deror* yake: wako huru kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa.

Neno la hiana yenyewe ni *bagad*, namba 898 katika kamusi ya Strong ya maneno ya Kiebrania. Malaki 2 inalirudia mara 5 kati ya aya ya 10 na ya 16, kuhusu ndugu na kuhusu "mke wa agano lako". Haliwahusu maadui, kwa sababu adui hawezi kukufanyia *bagad*. Lazima kwanza uwe umemwamini. Wahubiri wengi huona kwamba herufi zake ni zile za *beged*, nguo, wakajenga hubiri zima juu ya hiana iliyovikwa vazi. Msijenge hapo. Kufanana kwa herufi hakuthibitishi maana. Fungua itifaki, kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo, soma kila mahali kitenzi kinapotumika, angalia nani anamtendea nani na walikuwa wameahidiana nini. Kazi hiyo ni ndefu, lakini ndiyo inayoonyesha maana.

Kinyume cha *bagad* ni *hesed*, nalo limetusumbua zaidi. Biblia ya Union husema "fadhili", na ndilo linalorudi mara 26 katika Zaburi 136. Shida ni kwamba fadhili masikioni mwetu ni hisani: mkubwa humpa mdogo, akipenda. *Hesed* ni wema wa mtu aliyejifunga, anayekaa na mwenzake hata pale ambapo kuondoka kungekuwa rahisi. Hosea 6:6 ina "fadhili", lakini Yesu anapoinukuu aya hiyo katika Mathayo 9:13 tunasoma "rehema", kwa sababu neno limepitia Kigiriki. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba ni neno moja asipoambiwa. Aya mbili kabla yake, Hosea 6:4, *hesed* ya watu ni kama wingu la asubuhi, na kama umande unaokwisha mapema.

Kabla ya kulala nimerudi Mwanzo 15, Mungu anapofanya agano na Abramu, kwenye *avar* nyingine. Mtamba wa miaka 3, mbuzi jike wa miaka 3, kondoo dume wa miaka 3, hua na kinda la njiwa, ndege hawakupasuliwa. Abramu anafukuza tai wasile mizoga. Jua linapokuchwa, usingizi mzito unamshika. Giza likiingia, tanuru linalofuka moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vipande. Abramu hapiti.