Milango ilivyonifundisha kuiunga Land Rover ya mwaka 1973

Land Rover yangu ni Series III ya mwaka 1973, ile fupi yenye inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25. Ilikuwa imekaa miaka kumi na moja bila kuwashwa. Niliifungua yote nyumbani hadi ikabaki chesisi tupu juu ya stendi nne, kisha nikaiunga tena. Kazi ilichukua miezi kumi na tisa, na kama mitatu kati ya hiyo iliniponyoka kwa sababu moja: nilikaza bolti kabla ya wakati wake.

Nianze na kutu, maana ndiyo iliyonishtua kwanza. Wengi huamini Land Rover hizi za zamani haziozi kwa kuwa bodi ni alumini. Kampuni ya Rover ilipozindua ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa vipimo baada ya vita, ndiyo maana bodi ikafanywa ya aloi ya alumini. Lakini chesisi ni chuma. Ukuta wa mbele, ule unaotenga injini na miguu ya dereva, nao ni chuma. Fremu za milango vilevile. Halafu pale chuma na alumini vinapogusana, maji ya matope yakikaa katikati, alumini yenyewe huanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Nilifuta unga wa namna hiyo kila mahali sakafu ilipofungwa kwenye chuma.

Chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, kwa hiyo huoza kuanzia ndani kuja nje. Rangi haikuambii kitu. Nilichukua nyundo ndogo nikaigonga sentimita kwa sentimita nikisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa. Nilipofika kwenye mkono wa kulia unaobeba ukuta wa mbele, nyundo ilizama. Fundi aliyepita hapo zamani alikuwa ameziba tundu kwa puti na kupaka rangi nyeusi juu. Hilo liliniuma sana, kwa sababu mkono huo ndio unaoshikilia ukuta, na ukuta ndio unaobeba usukani na mlango.

Tangi la mafuta kwenye gari hili liko chini ya kiti, hivyo nililitoa na kulipeleka mbali kabla sijafikiria kuchomelea. Nilikata mikono iliyooza mmoja mmoja, si yote kwa mpigo, na kila mara nikavuta uzi kutoka kona hadi kona ya chesisi kwa mshazari. Nyuzi mbili zikilingana urefu, chesisi iko mraba. Zisipolingana, unaacha kuchomelea.

Sasa nije kwenye kosa. Niliporudisha ukuta wa mbele nilifurahi mno kuona gari linaanza kuwa na sura, nikaukaza mpaka mwisho. Nikaweka bodi ya nyuma, nayo nikaikaza. Nikapaka rangi. Wiki iliyofuata nikapachika milango. Wa kushoto ulifunga. Wa kulia uligonga nguzo kwa juu, na chini ukaacha pengo la kuingiza kidole gumba. Nilisogeza bawaba, nikarekebisha kitasa, nikahangaika siku nzima bila mafanikio.

Mjomba wangu, ambaye alitengeneza magari maisha yake yote, alikuja kuangalia. Hakugusa mlango kabisa. Aliinama akatazama chini ya ukuta. "Mwanangu," akaniambia, "mlango umebebwa na ukuta, unafungia kwenye bodi ya nyuma. Hivyo viwili umevikaza kabla mlango haujasema unataka nini. Legeza vyote."

Nililegeza vyote. Rangi ikachubuka kila palipokuwa na bolti, na hapo ndipo miezi yangu ilipokwenda, kupiga msasa na kupaka upya. Ila safari hii nilifuata mpangilio ambao ningemshauri yeyote anayeunga gari la aina hii: ukuta unakaa na bolti zake zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu, bodi ya nyuma hivyohivyo, halafu milango inapachikwa na kufungwa. Ukuta unasimama juu ya bolti mbili ndefu, moja kila upande, na unaweza kuongeza au kupunguza washa, vile vipete bapa vya chuma vinavyovaliwa kwenye bolti, mpaka pengo la mlango liwe sawa juu na chini. Washa moja nyembamba upande wa kulia ilitosha kuondoa lile pengo la kidole gumba. Baada ya hapo ndipo spana inaingia, robo mzunguko kila upande, huku ukifungua na kufunga mlango. Rangi huja mwisho.

Somo hilohilo nililikuta kwenye springi. Bushi za mpira kwenye ncha za springi zisikazwe gari likiwa hewani. Ukizikaza hivyo, gari likishuka mpira unabaki umejisokota, na utachanika mapema. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze.

Injini haikunitesa. Nilibadilisha gasketi ya silinda hedi, nikasugua valvu, nikaweka ringi mpya. Sehemu niliyoipenda zaidi ni kurekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu. Valvu ni nane, nafasi ni milimita 0.25, na hesabu yake ni ya tisa: valvu ya nane ikiwa imebonyezwa hadi mwisho, unapima ya kwanza, ya sita ikibonyezwa, unapima ya tatu. Jumla ni tisa daima. Nilizungusha injini kwa hendeli ya mbele, plagi zikiwa nje ili iwe nyepesi, mkono mmoja ukiwa na kipimo. Kipimo kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Giaboksi sikuifungua. Ilikuwa haivumi kabla sijaishusha, nikabadilisha sili na oili tu.

Breki ni za dramu magurudumu yote manne. Nilibadilisha silinda za magurudumu, mabomba na mipira yote, hapo sikubana matumizi hata kidogo. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kulinishinda mara mbili, pedali ikawa laini kama sponji. Kilichosaidia ni kukaza skrubu za kurekebisha breki mpaka viatu vya breki viguse dramu kabisa, kisha kutoa upepo mke wangu akikanyaga pedali, nikianza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Baadaye unazilegeza skrubu mpaka gurudumu lizunguke huru.

Siku ya kuitoa sikuenda barabarani kwanza. Niliipeleka kwenye udongo uliolegea, kwa sababu gari hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na ukiunga magurudumu manne kwenye lami kavu unazibana gia na shafti bure. Nilibonyeza kirungu cha manjano kinachounga magurudumu ya mbele, nikaachia klachi taratibu. Nilihisi mbele inavuta, usukani ukawa mzito kidogo mikononi, na matairi ya mbele yakaanza kurusha udongo pembeni. Nilizunguka mara tatu. Kisha nikasimama, nikavuta nyuma mkono mwekundu wa kubadili gia kubwa na ndogo hadi gia ndogo, nikaurudisha mbele, na kirungu cha manjano kikaruka juu chenyewe, kak! Nilishuka, nikaenda upande wa kulia, nikafungua mlango na kuufunga.