Pambio la kumkalisha mtu

Ushirika wetu wa nyumbani hapa Muyeye, Malindi, hukutana kila Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni, chini ya banda la makuti: viti vya plastiki na jamvi la watoto. Saa ya ukutani hatuna. Adhana ya isha ikilia, tunajua tumepitiliza.

Mwaka jana nilikuwa mtu wa "mwacheni Roho aongoze". Mwenye neno aseme, mwenye wimbo aanzishe. Kumbe wanaosema ni walewale watatu. Mzee mmoja (jirani yangu, nampenda) alianza ushuhuda wa baiskeli yake iliyoibwa Gede, akatupeleka hadi Mombasa, akaturudisha, na baiskeli bado haijaonekana. Ikabidi tumwanzishie pambio. Mnalijua hilo: mtu akizidisha, mama mmoja huko nyuma anaanza kuimba, makofi yanaitika, mshuhudiaji anakaa. Tunaita kusifu. Ni kumziba mtu mdomo.

Nikaja na ratiba. Dakika mbilimbili, majina yaandikwe mapema. Shuhuda zikawa kama salamu za redioni: Bwana asifiwe, nimeokoka, mniombee. Mama mmoja muuza viazi karai hakuandika jina hata mara moja. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kuandika kwenyewe hakujui. Niliona haya.

Nikarudi 1 Wakorintho 14. Sisi viongozi hukimbilia mstari wa 40, uzuri na utaratibu. Lakini mstari wa 26 unasema kila mmoja amekuja na kitu, na wa 30, aliyeketi akifunuliwa neno, anayesema ndiye anyamaze. Paulo anambana aliyekwisha shika zamu. Mimi nilimbana anayeogopa kuinuka.

Siku hizi tunasoma, tunakaa kimya kidogo, kisha wanasema wawili au watatu. Aliyesema wiki iliyopita anangoja. Mzee alinuna kidogo.

Juzi yule mama akasimama, anakunjakunja ncha ya leso. Akaanza kwa Kigiriama habari za mwanawe, mara akakwama. Pambio lilikuwa limeshanifika kooni, mazoea tu. Nikalimeza. Akaendelea. Adhana ikalia, hakuna aliyeinuka. Kikapu cha sadaka kilibaki chini ya kiti. Mhazini alikikumbuka tumeshapanda tuktuk.