Timna, mama yake Amaleki

Saa sita usiku imepita na meza imejaa vumbi la kifutio. Tangu jioni nachora nasaba ya Hamani, yule waziri wa Uajemi aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi wote, nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Neno moja ndilo lililonikalisha. Esta 3:1 inamtaja Hamani, mwana wa Hamedatha, "Mwagagi". Miaka yote nimelipita neno hilo bila kugeuka. Wayahudi hawalipiti. Kwao linampeleka moja kwa moja kwa Agagi, mfalme wa Waamaleki, ambaye Sauli alimwacha hai ilhali ameagizwa asimbakize, mpaka Samweli akamkatakata kule Gilgali. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya wahenga wao, inamlaumu Sauli waziwazi: asingemhurumia Agagi, Hamani asingezaliwa. Wengine husimulia kwamba ule usiku mmoja aliobakizwa mfalme yule ulitosha kuacha mbegu.

Nikarudi kwa Mordekai, Myahudi aliyekataa kumsujudia Hamani: bin Yairi, bin Shimei, bin Kishi, Mbenyamini. Na baba yake Sauli aliitwa Kishi. Basi pale langoni pa mfalme, katika mji wa Shushani, Mordekai anapokataa kuinama, deni la Sauli ndilo limekuja kudaiwa. Sabato inayotangulia Purimu, sikukuu ya kuokoka kwao na Hamani, katika masinagogi husomwa agizo la Kumbukumbu la Torati 25 la kukumbuka alivyotenda Amaleki, na pamoja nalo habari hiyo ya Sauli na Agagi.

Penseli ikazidi kupanda. Agagi kwa Amaleki, Amaleki kwa Elifazi, Elifazi kwa Esau. Mwanzo 36:12 inasema mama yake Amaleki alikuwa Timna, suria wa Elifazi. Hapo nikakwama.

Maana wahenga wa Kiyahudi waliuliza: Timna, dada yake Lotani, binti wa nyumba ya majumbe, amefikaje kuwa suria? Jibu lao limo katika Talmudi, risala ya Sanhedrini. Timna alitaka kuingia katika imani ya Abrahamu. Akaenda kwa Abrahamu, akaenda kwa Isaka, akaenda kwa Yakobo, hawakumpokea. Akasema heri awe mjakazi katika taifa hili kuliko kuwa bibi mkubwa kwingine, akaenda kukaa kwa Elifazi, mwana wa Esau. Akamzaa Amaleki, aliyewatesa Waisraeli. Kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu haikuwapasa kumfukuza.

Nimesoma mara tatu. Hawa ni watu walioandikiwa kuuawa, wazee kwa vijana, wanawake kwa watoto, siku moja tu, tarehe 13 ya mwezi wa Adari. Wanafuata ukoo wa adui yao, na wanapofika shinani wanaukuta mlango wa babu zao wenyewe, umefungwa, na binti amesimama nje.

Hata machozi ya Esau hawakuyaruka. Midrashi ya kitabu cha Mwanzo, yaani ufafanuzi wa wahenga, inasema Yakobo alimliza Esau kilio kikubwa cha uchungu, na malipo yake yakatoka Shushani, Mordekai aliporarua mavazi yake na kulia kilio kile kile.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa koo. Mchumba akiletwa nyumbani, yeye huanza kuhesabu wezi na wachawi wa upande wa pili hadi kizazi cha nne. Wa kwetu hakuwahi kuwataja. Nikakua nikijua kazi ya nasaba ni hiyo, kuonyesha ubaya umetoka kwa nani, mradi si kwetu. Usiku huu ningependa awe hai nimsomee habari za Timna, nione atasema nini.

Nilikuwa nimeshapiga mstari mnene chini ya wana kumi wa Hamani, waliouawa, wale ambao siku ya Purimu msomaji wa kitabu cha Esta huyataja majina yao yote kwa pumzi moja. Nikaona hapo ndipo mwisho, ukoo umekatika. Kisha nikakutana na sentensi fupi katika risala ya Gitini: wa uzao wa Hamani walijifunza Torati kule Bnei Brak, mji wa wanazuoni katika nchi ya Israeli.

Vumbi la kifutio limetoka hapo. Nimeufuta ule mstari mnene, nikachora mwingine mwembamba unaoshuka hadi ukingo wa karatasi, na pembeni yake nimeandika: Bnei Brak.