Milimita tatu

Juzi kwenye grupu la wazazi mwalimu wa darasa katuma habari za mwezi za shule, kurasa nne za pdf, picha za watoto, nani kaongoza Hisabati, tarehe ya kikao, halafu ukurasa wa mwisho umeandikwa Tulichojifunza Darasani. La sita wamejifunza kupima mvua. Kuna picha ya chupa ya maji imekatwa shingo, ile shingo imegeuzwa ikachomekwa juu kama faneli, na chini yake jedwali la mwezi mzima watoto wameliandika wenyewe kwa mkono. Nikawa napitisha macho haraka kama tunavyopitishaga vitu vya grupu, nikafika Jumatano ya wiki ya tatu. Pale pa namba wameandika: hatukupima, chupa ilidondoka.

Nilikaa na ile simu mkononi mpaka wali ukashika chini.

Mwanangu akaja akaniuliza, mama na nyie mlikuwa nazo habari za mwezi? Nikamwambia tulikuwa nazo. Nani alikuwa anaandika? Nikasema mimi. Akafurahi huyo, akakimbia kumwambia baba yake. Akarudi kuuliza nilikuwa naandika nini, nikamtuma dukani.

Basi naandika hapa, kwa sababu nikinyamaza tena najijua.

Darasa la sita B, Magomeni, mwaka 1997. Shule siitaji. Wa rika langu ule mwaka mnaukumbuka, vuli ilianza ikagoma kuondoka, ndo tukalijua neno Elnino, mpaka leo mvua ikizidi mtu anasema hii sasa Elnino. Kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni barabara imekatika huku, daraja limesombwa kule, kipindupindu kule kwingine. Mwalimu wetu wa Sayansi akaingia siku moja akasema nchi nzima inaongelea mvua lakini humu shuleni hakuna anayejua imenyesha kiasi gani, tutapima. Alikuwa na sauti ya chini sana yule mama, ukitaka kumsikia lazima unyamaze, na tulikuwa tunanyamaza kweli, watoto themanini kwenye chumba kimoja.

Alileta kopo kubwa la maziwa ya unga. Akatuonyesha pande zake zimenyooka toka juu mpaka chini, akasema hapo ndo pa kuzingatia, maana kopo lililobanwa chini namba yake inadanganya. Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau. Alichora mraba sakafuni kwa chaki, mita moja kila upande, akapima kwa rula ya ubaoni, akaomba chupa ya lita moja ya maji akaimimina pale katikati pole pole. Maji yakatambaa, yakafika kwenye mistari ya chaki, mengine yakavuka. Akasema, hiyo ndo milimita moja ya mvua, lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, sasa wewe kahesabu paa la kwenu lina mita ngapi, uwanja una mita ngapi, halafu ulete hapa milimita hamsini. Tulikaa tunaitazama ile sakafu iliyolowa. Nadhani ile siku ndo nilielewa kwamba namba inaweza kuwa na uzito.

Kopo tulilifukia nusu nyuma ya bustani, mbali na mwembe na mbali na bati, lisiangushwe na upepo. Kila siku saa tatu asubuhi unachovya rula, unasoma, unaandika. Nikachaguliwa mimi. Na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri ndo nilikuwa naandika pia Habari za Mwezi, karatasi moja ya manila kwa makapeni nyeusi na nyekundu, zinasomwa mstarini Ijumaa ya mwisho halafu zinabandikwa nje ya ofisi ya walimu zinakaa pale mwezi mzima. Usafi, michezo, waliohamia, waliofiwa, na kila darasa limejifunza nini. Mabinti wa la saba walikuwa wananijua kwa jina kwa ajili ya ile manila. Nilikuwa naipenda ile kazi kuliko kitu chochote.

Shoga yangu wa dawati alikuwa anakaa bondeni Jangwani, kule chini karibu na mto, baba yake ana matuta ya mchicha. Tulikuwa tunabanana wanne kwenye dawati la watatu na mimi na yeye ndo tulikuwa tunagawana daftari, rula, ubuyu, kila kitu.

Wiki ya mwisho ya Novemba, Jumanne saa tatu, naenda bustanini kopo hakuna. Kumebaki kishimo kimejaa maji ya tope. Mtu kalichomoa, kopo zuri lile, nyumbani kwa mtu linachotea maji. Yule mwalimu wala hakuwa mtu wa fimbo, ningemwambia angesema sawa tutafute lingine. Lakini niliona kazi inaondoka, anapewa mwingine, nikaona bora niandike kitu mpaka nipate kopo lingine mwenyewe. Jumanne nikaandika 4. Jumatano nikaandika 6, nimeangalia madimbwi njiani nikakadiria. Alhamisi nikaandika 3. Nilichagua namba ndogo makusudi kwa sababu namba kubwa ingemfanya mwalimu aje aangalie.

Hiyo Alhamisi shoga yangu hakuja shule.

Ijumaa tarehe 28 mstarini, mwalimu wa zamu anawatoa mbele wasio na sare. Wa mwisho kutoka alikuwa yeye. Kavaa gauni la kitenge la mtu mzima, kalikunja kiunoni akalifunga kamba ili lisiburute, kandambili moja ya bluu moja ya kijani, mkononi rambo lina madaftari. Mwalimu akamuuliza sare iko wapi. Akasema, "Maji yaliingia ndani usiku wa juzi mwalimu, sare imekwenda na maji." Alisema kwa heshima tu, kama anaeleza, wala halii. Usiku wa juzi, yani wa kuamkia Alhamisi. Mto ulipanda ukaingia nyumba chache za chini kabisa, hata redioni hawakusema. Mwalimu akamwambia subiri hapo pembeni, tusome habari kwanza.

Nikaitwa mbele. Watoto wawili wanashika manila huku na huku, mimi nasoma. Usafi, michezo, nikafika darasani kwetu. Darasa la sita wamejifunza kupima mvua. Nikasoma wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zile za kweli nilizopima. Halafu Jumanne milimita nne, Jumatano milimita sita, Alhamisi milimita tatu.

Mwalimu wa zamu akasema, rudia ya jana.

"Milimita tatu, mwalimu."

Akainua mkono juu shule nzima ione, akabana kidole gumba na cha shahada akaacha upenyo mdogo. Tatu hizi? Hizi ndo zimebeba sketi? Shule ikacheka. La kwanza mpaka la saba, walioelewa na wasioelewa wakacheka. Akamgeukia akamwambia lete mkono.

Hapa ndo huwa nabaki. Alinyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, akakiweka sawa kama tulivyofundishwa, usikitoe kabla. Nilikuwa hatua tatu toka alipo. Vidole vyake vilikuwa vimejikunjakunja ngozi, vyeupe kwa ndani kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na kwenye kila ukucha kuna mstari wa tope. Nikajua bila kuambiwa kwamba walikuwa wanateka maji kuyatoa nje kwa mabakuli usiku ule na pengine jana nzima. Manila inapepea, yule mtoto wa upande wa kushoto anaivuta ivutike, inatoa ule mlio wa karatasi ngumu. Mdomo wangu ulikuwa wazi, hilo nalikumbuka vizuri, upepo unaingia. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, kopo halipo. Viboko viwili. Cha pili alifumba macho kabla hakijafika.

Mwalimu wetu wa Sayansi asubuhi hiyo hakuwepo, alikuwa anauguliwa. Nimeshajiuliza sana kama angekuwepo ingekuwaje, labda angesema ngojeni kwanza tukaangalie kopo. Sijui.

Tulipokaa darasani akatoa madaftari yake kwenye rambo akayapanga dirishani yakauke, kurasa zimegandana, wino wa bluu umesambaa mpaka unaona mawingu tu. Akarudi akakaa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, wala siyo ya kugomba, "We ulipima?"

Nikasema ndiyo.

Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi labda kwenu huku ilinyesha kidogo."

Miaka miwili mitatu mbele, sekondari, kwenye Jiografia, mwalimu anaeleza mito, akatolea mfano Msimbazi, kwamba unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe, mvua ikipiga huko juu maji yanateremka yanakuja kujaa Jangwani hata kama mjini yamedondoka manyunyu. Nilisimamisha kalamu. Yani ilikuwa inawezekana kabisa usiku ule Magomeni ilinyesha milimita tatu kweli. Nilijaribu kukumbuka kama nililisikia bati, tulikuwa tunalala wadogo zangu na mimi kitanda kimoja, sikumbuki kitu. Nilipata nafuu fulani, nikatembea nayo kama wiki. Halafu ikaisha. Kama ningekuwa nimepima nikapata tatu, mwalimu wa zamu angecheka vile vile na viboko angechapwa vile vile, ila mimi ningekuwa na la kumwambia mwenzangu pale dawatini. Au hata hivyo nisingesema, kwa sababu woga ulikuwa ule ule. Hapo ndo nashindwa kupambanua mpaka leo kipi hasa kinaniuma, ile namba au lile ndiyo.

Mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo baadae watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, nilikuwa nafuatilia redioni na mtangazaji anasoma milimita za mvua, na kila akisoma namba mi nawaza kuna mtu kaenda asubuhi kachovya kipimo, kasoma, kaandika. Na siku hizi mvua ikikaza Jangwani inafungwa, mwendokasi inasimama, watu wanalalamika wamechelewa kazini, mi namkumbuka na lile gauni la kitenge.

Januari hakurudi shule. Tulisikia wamehamia kwa shangazi yao upande wa Tanga. Sijawahi kumwona tena, na majina yake mawili ninayoyajua ni ya watu maelfu, nimeshatafuta.

Ila kuna hili la katikati ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Ile Ijumaa jioni nilimwomba daftari lake la Sayansi, nikamwambia nitakuandikia upya lote. Akanishukuru mpaka nikaona aibu. Jumamosi na Jumapili nilikaa barazani nanakili kwenye daftari jipya, nimenunua kwa hela yangu ya ubuyu, mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Mifupa, usagaji wa chakula, sumaku, mpaka nikafika jedwali la mvua la Novemba. Nikapiga mistari kwa rula. Nikajaza toka tarehe moja. Nilipofika Jumanne, Jumatano, Alhamisi ya wiki ya mwisho mkono ukagoma. Nikaviacha vile visanduku vitatu vitupu. Nadhani nilikuwa nataka avione aniulize tena.

Jumatatu nikampa. Alilifungua pale pale akawa analipekua anatabasamu, hakusema kitu.

Mapumziko nilitoka kwenda bombani kunywa maji, nikapita mbele ya ofisi. Yuko peke yake mbele ya manila yangu, kaliegemeza daftari ukutani, peni mkononi. Daftari zinasahihishwa kesho yake, halitakiwi kuwa na mapengo. Anainua macho anaangalia juu, anaandika. Anaangalia juu, anaandika. Mara tatu.