Siku moja na neno "sana"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inalia, naizima, inalia tena. Saa hii niliichagua kwa kiburi. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta, alikuwa mezani saa kama hii, saa yake ikimtazama, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Alikuwa na mtumishi aliyemlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Simu yangu siilipi kitu, labda ndiyo maana siiogopi.

Mpaka saa kumi na mbili na nusu nina maneno 112. Najitetea kwamba hesabu zetu hazilingani: "hatukuwaambia" kwetu ni neno moja, Mwingereza angelihesabia matano. Utetezi mzuri, ila hata nikizidisha mara tano, Trollope bado kanipita.

Kilichonikwamisha ni sentensi moja. Kijana katika hadithi yangu anaachwa peke yake chumbani baada ya kaka yake kuhama, nami nimeandika: "Kaka yake alipoondoka, alihuzunika sana." Haina kosa. Mwalimu yeyote angeiwekea alama ya vema. Lakini imelala pale kama jibu la mtihani. Nimeiambia kompyuta initafutie "sana" katika mswada mzima. Zimo 41, na kurasa ni 38.

Saa moja na robo, ndani ya basi. Sisomi kwenye basi, nasikiliza, na sioni aibu kusema hivyo. Mama mmoja kiti cha nyuma anaongea na simu, sauti ya mtu aliyekwisha choka: "Kusikia nimesikia, mwanangu. Kuelewa ndio bado." Naliandika haraka kabla halijapoa. Vitabu vya sarufi vitakwambia kitenzi kinarudiwa ili kusisitiza. Mama huyu hakusisitiza kitu. Alikubali nusu ili apate nguvu ya kukataa nusu iliyobaki.

Saa mbili na nusu hadi saa sita, kazini. Nasahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na hii ndiyo shule yangu halisi. Watu hudhani kompyuta imetumaliza sisi wasahihishaji. Programu ya tahajia inakamata neno lisilokuwepo, haikamati neno lililokaa kiti cha mwenzake. Leo nimekuta mtu ameandika barua "kwa karamu" nyeusi, na kwingine wananchi wamejitokeza kupiga "kula". Karamu ni neno, kula ni neno, kompyuta imetulia zake. Kuna pia mswada na muswada: kwetu ofisini wa kwanza ni wa mwandishi, wa pili ni wa bunge, na ukivichanganya mshairi wako atajikuta anasomwa mara ya pili na wabunge.

Dawa ni rula. Naiweka chini ya mstari, nasoma polepole kwa sauti ya chini, na kurasa ngumu nazisoma kuanzia mstari wa mwisho kwenda wa kwanza. Ukifuata maana, jicho linaruka, linaona lilichotarajia. Kusoma kinyumenyume kunaua maana, maneno yanabaki uchi. Ubaya ni kwamba ugonjwa huu unanifuata nyumbani. Tangu niwe msahihishaji, riwaya siwezi tena kuifungua kwa raha ile ya utotoni, ya kusahau kama kuna mtu aliyeiandika. Sasa nasikia kiti chake kikilia kila anapobadilisha aya.

Saa saba mchana nina nusu saa, na hapo nasoma mashairi, kwa sababu hayo bado yananishinda. Mezani kuna utenzi wa kuazima maktaba. Ubeti mmoja vipande vinne, kipande kimoja mizani 8, yaani silabi 8, nahesabu kwa vidole juu ya meza kama mtoto. Mara ya kwanza nilipojaribu hesabu zilikataa, kumbe nilikuwa nameza ile "m": "mtu" ni mizani miwili, m-tu. Wenzangu kazini wamezoea kuniona nikigonga meza.

Mchana uliobaki ni prufu tu, majedwali na vichwa vya habari. Saa kumi na moja natoka. Jioni nafua, napiga pasi, nampigia simu dada, naye ananiuliza kama kitabu kimekwisha. Namjibu kinakaribia. Ameniuliza hivyo tangu mwaka jana.

Saa nne usiku niko mbele ya kioo, napiga mswaki. Nasimama mdomo umejaa povu. Mtu akihama hubeba nguo, viatu, hata waya wa chaji. Mswaki je? Asubuhi umeutumia, umelowa, unauacha kwenye kikombe ukikauka, ndipo unausahau. Narudi mezani bila kusukutua vizuri na kuandika:

"Kuondoka kaondoka, mswaki ameuacha."

Ni yule mama wa kwenye basi, na kaka, na kikombe. Huzuni sijaitaja. Naisoma kwa sauti, kidole kinaanza chenyewe kugonga meza: nane. Kipande cha pili: nane. Nimetoka kutafuta nathari nimerudi na nusu ya ubeti. Nafikiria kuivunja, nibandike "wake" baada ya mswaki ili mdundo upotee, naibandika, naisoma, naifuta tena. Ikae hivyo.

Natafuta tena "sana" kwenye mswada kabla ya kuzima taa. Zimebaki 40.